Kanisa Lisilo na Misa Tena: Jinsi ya Kulipatia Kazi Mpya kwa Heshima

Mwaka 2013 maaskofu wa Uholanzi walikwenda Roma na habari nzito: walitazamia kwamba theluthi mbili hivi ya makanisa katoliki ya nchi yao yangelazimika kufungwa au kuuzwa kufikia mwaka 2025. Sisi tuliolelewa kwenye parokia ambazo Jumapili waumini wanafurika hadi chini ya mwembe, habari kama hiyo inatuwia vigumu kuimeza. Hata hivyo wenzetu wengi leo wanaishi ndani yake. Kuna mapadre na masista kutoka Tanzania, Kenya na Kongo waliotumwa kuhudumia parokia za Ubelgiji, Ujerumani, Uholanzi au Quebec. Kuna familia zinazoimba kwaya kwenye makanisa hayo na kubatizia watoto wao humo. Siku moja unakaa kwenye kikao cha halmashauri ya parokia, na ajenda ya kwanza ni jengo lenyewe: paa linavuja, waumini wamebaki thelathini, hela ya kupasha joto hakuna. Nimeandika kwa ajili ya yule anayekaa kwenye kikao hicho.

Niseme mapema ninaposimama. Kanisa lililoacha kusaliwa lisibomolewe kwa haraka, na lisikatwekatwe. Lipewe kazi inayoingia ndani yake kama kabati linavyoingia sebuleni: linatumika, haligusi ukuta, na likitakiwa kutoka linatoka.

Hatua ya 1: Jua ni kitu gani hasa kinafungwa

Watu wengi hapa huchanganya mambo mawili. Parokia ni jumuiya ya waamini. Kanisa ni jengo. Askofu anaweza kuunganisha parokia tatu kuwa moja na makanisa yote matatu yakabaki wazi kwa Misa. Kufunga jengo ni uamuzi mwingine kabisa, wenye hati yake na sababu zake.

Sheria inayohusika ni kanuni ya 1222 ya Sheria za Kanisa. Inaruhusu kanisa lipelekwe kwenye matumizi ya kidunia, mradi yasiwe ya aibu, kwa njia mbili. Ya kwanza ni pale ambapo jengo haliwezi tena kutumika kwa ibada na haiwezekani kulikarabati. Ya pili ni pale penye sababu nyingine nzito. Hapo Askofu lazima kwanza alisikilize Baraza la Mapadre, apate ridhaa ya wenye haki halali juu ya kanisa hilo, na ahakikishe kwamba roho za waamini hazitapata hasara.

“Sababu nzito” si neno la kujazia karatasi. Mwaka 2013 ofisi ya Vatikani inayoshughulikia wakleri ilitoa maelekezo, ikataja mambo ambayo peke yake hayatoshi: mpango wa jumla wa jimbo wa kupunguza makanisa, parokia kuvunjwa, hamu ya kuleta umoja kwenye parokia iliyounganishwa, au hofu ya tatizo ambalo bado halijatokea. Kila kanisa lipimwe kwa hali yake. Ukiona hati inayofunga makanisa matano kwa aya moja ileile, uliza maswali.

Na muda wa kuuliza ni mfupi. Anayejiona ameumizwa na hati hiyo ana siku 10 za kisheria tangu alipoarifiwa kumwomba Askofu aibatilishe au airekebishe. Akikataliwa, ana siku 15 za kukata rufaa Roma. Jumuiya nyingi hupoteza siku hizo zikilia na kukusanya saini, wakati ilitakiwa barua moja yenye tarehe. Mwandikieni Askofu kwanza, machozi yafuate.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye mali

Msidhani kila kanisa ni mali ya jimbo. Nchini Ufaransa, kwa sababu ya sheria ya mwaka 1905 ya kutenganisha dini na serikali, makanisa mengi ya parokia yaliyojengwa kabla ya hapo ni mali ya manispaa. Kanisa lina haki ya kuyatumia, na kuyaondoa kwenye ibada kunahitaji ridhaa ya Askofu pamoja na uamuzi wa serikali. Uholanzi kwa kawaida parokia yenyewe ndiyo mmiliki, ila haiwezi kuuza bila idhini ya Askofu. Quebec mali hushikwa na *fabrique*, chombo cha kisheria cha parokia chenye walei ndani yake. Marekani hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo.

Ombeni hati ya umiliki na muisome yote, hata kurasa zilizofifia. Familia iliyotoa kiwanja miaka 120 iliyopita huenda iliandika kwamba ardhi irudi kwa warithi wake Misa ikikoma. Huenda pia kuna watu waliozikwa chini ya sakafu. Mambo haya yakigundulika baada ya mkataba kusainiwa, mradi husimama.

Wakati huohuo nendeni manispaa. Katika Flanders, Ubelgiji, serikali imezitaka manispaa na parokia kuandaa mpango wa pamoja unaosema kila kanisa la eneo litakuwa nini. Uholanzi wanao utaratibu wa namna hiyo. Kama mpango upo, someni kanisa lenu limeandikwaje. Kama haupo, hiyo ni nafasi yenu ya kuzungumza kabla hajazungumza mjenzi wa maghorofa.

Hatua ya 3: Ondoeni vitakatifu kabla fundi hajaingia

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Hakuna ibada maalumu katika Sheria za Kanisa ya “kuondoa utakatifu” wa jengo. Kanuni ya 1212 inasema mahali patakatifu hupoteza hali yake pakiharibiwa kwa sehemu kubwa, au pakiachiwa matumizi ya kidunia moja kwa moja, iwe kwa hati au kwa hali halisi. Hati ya Askofu inatosha. Lakini msiiache iwe karatasi tu. Wekeni Misa ya mwisho, watu wapewe taarifa wiki nyingi kabla, waliofunga ndoa humo waje, wazee walioimba kwaya miaka 50 wapewe kiti cha mbele. Mwishoni Ekaristi Takatifu itolewe kwenye tabernakulo na kupelekwa kwa maandamano hadi kanisa litakalowapokea. Watu wakitembea kwa miguu nyuma ya Bwana wao wanajua wanakohamia. Kufunga mlango kimyakimya Jumatatu asubuhi huacha kidonda kisichopona, na waumini hao huwa hawaonekani tena kanisa la jirani.

Kisha orodha. Pigeni picha kila kitu, pimeni, andikeni. Maelekezo ya 2013 yanasema kabla ya kuuza ziondolewe samani na vyombo vyote vitakatifu: masalia ya watakatifu, altare, kengele, viti vya maungamo, hata madirisha ya vioo vya rangi. Viende kwenye makanisa mengine au vihifadhiwe na Kanisa.

Masalia yana sheria yake ya pekee. Kanuni ya 1190 inakataza kabisa kuyauza. Na huwa yamejificha: tazameni ndani ya jiwe la altare, ndani ya misalaba ya zamani, kwenye droo za sakristia.

Altare nayo ina sheria yake. Kanuni ya 1238 inasema altare haipotezi wakfu wake kwa sababu tu kanisa limeachiwa matumizi ya kidunia. Haiwezi kuwa meza ya kahawa. Kama haiwezi kuhamishwa, maelekezo yanasema ivunjwe. Sasa hapo mtagongana na sheria ya nchi, kwa sababu kama jengo limeandikishwa kuwa urithi wa taifa, afisa wa urithi atawaambia altare ya marumaru ya karne ya 18 haiguswi, na madirisha hayatoki. Msisubiri ugomvi huo utokee mbele ya mafundi. Waketisheni mezani mtu wa jimbo na afisa wa urithi mapema, waandikiane: kipi kinatoka, kipi kinabaki na kitazungushiwa nini ili kisitumike vibaya. Mara nyingi jibu linalokubalika na wote ni kwamba eneo la altare linabaki tupu, halipangishwi, halipewi kazi.

Vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi viende parokia inayopokea au kwenye kumbukumbu za jimbo, na tangazo libandikwe kusema vimekwenda wapi. Kuna mtoto wa mhamiaji atakayetafuta cheti chake cha ubatizo miaka 20 ijayo.

Neno moja kuhusu kutuma vitu nyumbani. Wazo la kwanza la wengi wetu ni kupakia mabenchi, kengele na kinanda kwenye kontena kwenda kigango kinachojengwa Sumbawanga au Bukavu. Ni wazo jema, lakini mpigieni simu paroko wa kule kwanza. Kengele inataka mnara wenye nguvu ya kuibeba. Mabenchi ya mwaloni ni mazito, na kuyasafirisha kunaweza kuzidi gharama ya fundi seremala wa pale kijijini, ambaye naye anahitaji kazi. Kinanda cha mabomba kilichotengenezwa kwa hali ya hewa ya Ulaya kinataka mtu wa kukitunza, na asipokuwepo kinanyamaza. Kalisi, mavazi ya Misa, misalaba ya maandamano na picha za Njia ya Msalaba husafiri vizuri zaidi na hupokelewa kwa furaha. Vyenye thamani ya kihistoria visitoke nchini bila kibali.

Hatua ya 4: Lindeni jengo wakati mnafikiri

Kati ya Misa ya mwisho na kazi mpya hupita miaka, na jengo tupu huzeeka haraka. Mambo machache tu:

- Safisheni mifereji ya paa kila msimu wa majani kupukutika. Mfereji ulioziba hupitisha maji ukutani, na maji ndiyo adui mkubwa kuliko wote.
- Fungeni maji ya bomba kabla ya baridi kali, mabomba yasipasuke.
- Zibeni njia za njiwa kwa wavu. Mnara ukiwa na popo, msiwafukuze: katika nchi za Umoja wa Ulaya popo wanalindwa na sheria, na kazi ya paa hupangwa kufuata msimu wao.
- Waarifuni watu wa bima kwamba jengo limekuwa tupu. Bima nyingi hubadilika siku hiyo.
- Mtu mwenye jina lake awe na ufunguo na apite kila wiki.

Hatua ya 5: Chagueni kazi inayofanana na jengo

Pimeni jengo kwa maswali matatu. Je, kazi hii inaacha mtu asimame mlangoni na kuona hadi mwisho wa ukumbi na hadi juu ya matao? Je, jirani asiye na pesa anaweza kuingia? Je, ikishindwa, inaweza kuondolewa bila kovu?

Mfano ninaorudia kuutaja ni kanisa la Wadominikani la Maastricht, kusini mwa Uholanzi. Ni kanisa la karne ya 13. Mwishoni mwa karne ya 18 majeshi ya Ufaransa ya wakati wa Mapinduzi yaliwaondoa watawa, na tangu hapo jengo lilitumika kwa mambo mengi, hadi kuhifadhia baiskeli. Mwaka 2006 liligeuzwa duka la vitabu. Mwenye duka alihitaji nafasi ya kuuzia kubwa kuliko sakafu ya kanisa, na jengo likiwa urithi wa taifa halikuruhusiwa kuguswa. Wasanifu Merkx+Girod hawakuongeza ghorofa kutoka ukuta hadi ukuta. Walisimamisha kabati kubwa la chuma jeusi lenye ngazi ndani, upande mmoja tu wa ukumbi, likipanda hadi karibu na vichwa vya nguzo. Upande wa pili wakauacha wazi. Unapanda kuchagua kitabu na unajikuta karibu na michoro ya kale ya dari. Ukutani bado upo mchoro wa mwaka 1337 wa maisha ya Mtakatifu Toma wa Akwino.

Sehemu ya pili ya habari hiyo ina faida zaidi kwa kamati. Kampuni mama ya duka ilifilisika, na iliyofuata nayo ikafilisika. Mwaka 2014 wafanyakazi walichangisha zaidi ya euro 100,000 kutoka kwa wananchi wakalichukua duka wenyewe. Biashara iliyumba mara mbili na kanisa halikupata ufa, kwa sababu kabati lile ni fanicha.

Vught, pia Uholanzi, kanisa la Mtakatifu Petro la karne ya 19 lilifunguliwa upya mwaka 2018 likiwa na maktaba, makumbusho na sehemu ya huduma za jamii. Makabati ya vitabu yamewekwa juu ya reli. Yakisukumwa pembeni, ukumbi unapatikana kwa mkutano au muziki. Bochum, Ujerumani, kanisa la Mtakatifu Maria ambalo ibada zake zilikoma mwaka 2002 lilikuwa karibu na kubomolewa. Tangu 2016 ni ukumbi wa kuingilia wa jumba la muziki la mji, na kumbi za matamasha zimejengwa pembeni yake. Kanisa halikulazimishwa kuwa ukumbi wa okestra. Liliachwa liwe mahali pa kukutania, kazi ambayo lilikuwa likiifanya siku zote.

Ninayoiona karibu zaidi na moyo wa kanisa ni ile ya Aachen. Kanisa la Mtakatifu Yosefu liligeuzwa mwaka 2006 kuwa mahali pa kuhifadhi majivu ya marehemu. Sala za maziko zinaendelea, watu wanakuja kuwasha mishumaa, na malipo ya nafasi hutunza jengo. Kwa desturi zetu, ambako mwili hurudi ardhini, jambo hili linaweza kuwa gumu kupokea. Lakini kwa watu wa pale limeruhusu kanisa kubaki nyumba ya sala.

Na mipaka je? Pittsburgh, Marekani, kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji lilifungwa mwaka 1993. Mwaka 1996 likafunguliwa kuwa mgahawa unaopika bia yake, na matangi ya kupikia yakasimama pale ilipokuwa altare. Jengo limeokoka, hilo nakubali. Ila muumini aliyepokea Komunyo ya kwanza pale akiingia, macho yake yanaanguka kwenye matangi. Kosa lingeepukika kwa kuyaweka pembeni. Kwa sababu ya mambo kama haya majimbo mengi huandika masharti kwenye hati ya mauzo yanayokataza matumizi fulani. Yaandikeni nanyi, yamfunge hata mnunuzi wa pili na wa tatu. Mnunuzi wa kwanza huwa mwungwana, anayefuata hamumjui.

Vipi jumuiya nyingine ya Kikristo ikitaka kununua? Pale inapowezekana, mimi ningeipa nafasi ya kwanza. Waorthodoksi na makanisa ya wahamiaji wanatafuta majengo, na sala itaendelea humo. Ila waonyesheni bili ya kupasha joto na makadirio ya paa kabla hawajachanga. Kuwauzia ndugu maskini jengo linalovuja, kwa furaha ya kupata mnunuzi, ni kuwatwisha mzigo uliotushinda sisi.

Hatua ya 6: Hesabu, vibali na msanifu

Leteni mhandisi apime paa, mnara, msingi na asbesto, hasa kwenye makanisa ya karne ya 20. Fanyeni upembuzi yakinifu wa miaka kumi. Wafadhili hupenda kuchangia ukarabati. Hakuna anayechangia umeme wa mwaka wa sita.

Mambo manne ya kiufundi huamua karibu kila kitu. *Joto:* hewa ya moto hupanda kwenye matao na kukaa huko, hivyo pasheni sakafu, au jengeni chumba cha kioo ndani ya ukumbi na kupasha hicho tu. *Mwangwi:* ukumbi wa mawe hurefusha sauti. Kwaya hupendeza, mhadhiri haeleweki. Vitabu, mazulia na mapazia mazito husaidia. *Moto:* watu wakiwemo kila siku, milango ya dharura na njia ya kiti cha magurudumu vitadaiwa. *Vyoo, stoo na mitambo:* makanisa ya kale hayana. Viwekeni sakristia au chini ya sakafu, kamwe si kwenye kikanisa cha Bikira Maria.

Kwa upande wa Kanisa, uuzaji wa mali inayozidi kiwango fulani unahitaji ridhaa ya kamati ya fedha ya jimbo na jopo la washauri wa Askofu. Ukivuka kiwango cha juu, au kukiwa na vitu vya thamani ya sanaa na historia, unahitaji pia kibali cha Vatikani. Mkataba uliosainiwa bila hayo ni matatizo matupu, kwa hiyo anzeni maombi mapema. Kukodisha kwa muda mrefu badala ya kuuza kunastahili kufikiriwa: udhibiti unabaki.

Chagueni msanifu aliyewahi kufanya kazi kwenye jengo la kale. Mwonyesheni mchoro wa sakafu, kisha mketishe ndani saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, aone mwanga unavyotembea. Akirudi na mchoro uliojaza ghorofa tatu hadi kwenye madirisha, tafuteni mwingine.

Hatua ya 7: Kukabidhi

Siku ya funguo, andaeni faili moja. Liwe na nakala ya hati ya Askofu, orodha yenye picha ya vilivyotoka na vilikokwenda, masharti ya matumizi, ramani ya makaburi kama yapo, michoro ya nyaya na mabomba, mahali pa kufungia maji, na jina la fundi anayeujua mnara. Bandikeni karibu na mlango kibao kidogo chenye jina la mtakatifu msimamizi, mwaka wa kutabarukiwa na mwaka wa Misa ya mwisho, na kanisa gani sasa linawapokea waumini pamoja na saa za Misa. Someni mita ya umeme na ya maji mbele ya mashahidi wawili. Nakala ya pili ya faili ipelekwe jimboni siku hiyohiyo, kabla ya jioni.